Mikono Mingi Nyuma ya Wimbi

Sumida

Wimbi la Hokusai umeshaliona hata kama jina lake hulijui. Limechapwa kwenye fulana za mtumba pale soko la Karume, kwenye vikombe, kwenye makava ya simu, na tangu Julai 2024 limo mgongoni mwa noti ya yeni 1000, kwa hiyo Japani siku hizi mtu hulipia tambi zake kwa bahari iliyochafuka. Nilikwenda kulitafuta kwao. Nilitaka kujua karatasi yenye urefu wa sentimita 37 na kimo cha sentimita 25 ilipataje kuwa kubwa kiasi hiki, na wasanii waliokuja baadaye wameufanya nini urithi huo.

Kwao ni Sumida, mashariki ya Tokyo, mtaa wa mifereji, madaraja na karakana ndogo ndogo. Katsushika Hokusai alizaliwa huku mwaka 1760, mji ukiitwa Edo. Nyumba yake usiitafute. Inasemekana alihama zaidi ya mara 90 maishani mwake. Chumba kikishajaa makaratasi na mabaki ya chakula, yeye na bintiye hawakufagia, walihama. Na hata angetulia mahali pamoja, tetemeko la 1923 na mabomu ya moto ya usiku wa kuamkia Machi 10, 1945 yasingeacha kizingiti. Usiku huo mmoja walikufa watu wapatao 100,000 katika vitongoji hivi vya kando ya mto. Ndiyo maana Sumida ya leo ni zege na nyaya, na mgeni aliyekuja kutafuta Edo ya kwenye picha huvunjika moyo asipoelezwa mapema.

Makumbusho ya Hokusai yalifunguliwa hapa mwaka 2016. Mbunifu wake, Kazuyo Sejima, ameyavika alumini inayong'aa kwa mbali, na ndani yake unaona mawingu yakipita na watoto wakicheza kwenye bustani ya jirani. Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja wa Kijapani aliyesomea Kiswahili Osaka, kisha akaishi Unguja miaka kadhaa. Kiswahili chake kimenyooka, cha barazani, na mara kwa mara kilinifanya nikionee haya changu cha daladala. Tulipofika mbele ya Wimbi, mimi nikakodoa macho pale wanapokodoa wote, kwenye povu lenye makucha.

"Kaka, liache wimbi," akasema. "Tazama mashua."

Ni tatu, ndefu, nyembamba, za kupiga makasia, za aina iliyokuwa ikikimbiza samaki wabichi kuwahi soko la Edo. Wapiga makasia wamejilaza juu ya makasia yao, vichwa chini, mgongo hadi mgongo. Hakuna anayepunga mkono, hakuna anayeomba msaada. Mashua zimeelekeza omo kwenye maji, na nahodha yeyote wa Mafia atakwambia kwamba hivyo ndivyo unavyotoka salama. Tangu pale picha ile kwangu si picha ya maangamizi. Ni picha ya watu walio kazini. Mlima Fuji, ambao ndio mada rasmi ya mfululizo wote wa picha ambamo Wimbi limo, umekaa nyuma huko katikati, mdogo, na theluji yake ukiitazama haraka utadhani ni povu.

Rangi nayo ina safari yake. Buluu ile nzito iliitwa buluu ya Berlin, rangi ya maabara iliyoingia kwanza kwa meli za Waholanzi pale Nagasaki, wakati Japani ikiwa imefunga milango yake kwa karibu mataifa yote ya Ulaya. Baadaye ikaja kwa bei nafuu kupitia China, na mnamo 1831 mchapishaji Nishimuraya Yohachi alipotoa picha za Hokusai za Mitazamo 36 ya Mlima Fuji, buluu hiyo ilikuwa ndiyo tangazo lenyewe. Mauzo yalikwenda vizuri hata mitazamo 36 ikaongezwa ikawa 46, jina likaachwa lilivyo.

Ghorofani kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu. Mzee Hokusai, mwenye miaka zaidi ya 80, amejifunika mfarishi, ameinama juu ya karatasi sakafuni, huku bintiye Oi akimtazama. Watu hupiga picha ya mzee. Oi alikuwa mchoraji kamili, na inasimuliwa kwamba baba yake alikiri kuwa kwa picha za wanawake binti alimzidi. Ni picha chache mno zilizobaki zenye jina lake. Kiasi gani cha mkono wake kimo ndani ya picha zilizotiwa sahihi na baba katika uzee ule, ni swali ambalo wataalamu bado wanalizungukia.

Asakusa

Ng'ambo ya mto ni Asakusa, na katikati yake hekalu la Sensoji lenye taa kubwa nyekundu ya karatasi langoni. Moshi wa ubani, vibanda vya maandazi ya maharage matamu, wasichana waliokodi kimono kwa ajili ya picha. Tulipita. Nilichokitaka kilikuwa uchochoro wa nyuma, ngazi nyembamba za mbao, na karakana ya mzee mmoja mpiga chapa.

Viatu vilibaki mlangoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye mto sakafuni, mbele ya meza fupi iliyoinamia upande wa mbele, mbali naye. Kulia kwake bakuli za rangi, kushoto rundo la karatasi zilizoloweshwa tangu jana yake. Karatasi hizo, washi, hutengenezwa kwa gome la mforosadi, na nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana huvumilia kukandamizwa mara kumi au ishirini bila kuchanika. Mbele yake kibao cha mti wa cheri wa milimani, mgumu, wenye chembe za karibu karibu.

Akachovya brashi ya manyoya ya farasi, akaweka rangi kidogo juu ya kibao, akadondosha na tone la uji mzito wa mchele, akavisugua pamoja. Kwenye ukingo wa kibao kuna alama mbili zilizochongwa, moja ya kona, nyingine ya mstari. Karatasi ilipoingia kwenye kona, kidole gumba cha mkono wa pili kikaishusha kwenye mstari, akaiachia. Kisha akashika baren, kisahani kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, akakizungusha juu ya mgongo wa karatasi. Nguvu haikutoka mkononi. Ilitoka kiunoni, mzee mzima akiyumba mbele na nyuma. Akaibandua karatasi, na buluu ikawa imeingia ndani ya nyuzi. Haikukaa juu juu kama inavyokaa rangi ya mashine.

Halafu akatuonyesha jambo lililonishughulisha kuliko yote. Kwenye picha hizi anga huanza na rangi nzito juu kabisa, ikafifia taratibu hadi weupe wa karatasi. Nilidhani kufifia huko kumechongwa. Hakukuchongwa. Mpiga chapa hulowesha kibao kwa kitambaa, huweka rangi upande mmoja wa brashi, huivuta mara moja kwa mkono ulionyooka, na maji huimalizia kazi. Nakala ya pili huanza upya. Ya mia vilevile. Kwa hiyo anga ya mchoraji Hiroshige, ile inayosifiwa dunia nzima, kila mara ilifanywa na mtu mwingine asiyeandikwa popote kwenye picha.

Biashara ilikuwa ya watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua nini kitauzika. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi kwenye kibao, akachonga kupitia humo humo, akiondoa mbao na kuacha mistari. Mpiga chapa akamaliza. Maana yake ni kwamba mchoro wa Hokusai wa lile Wimbi uliliwa na patasi. Picha ya asili haipo, na haikupata kuwepo baada ya siku ile ya kwanza. Zipo nakala tu, nyingine kali, nyingine zilizochoka. Vibao navyo huchakaa. Katika nakala za mwisho mwisho, mistari ya kisanduku chenye jina la picha imekatikakatika, na wajuzi huitumia kupima ipi ilitangulia.

Bei? Bakuli moja au mbili za tambi. Mfanyakazi wa Edo alinunua picha ya mcheza kabuki wake, mcheza mieleka wake, mrembo wake, akabandika ukutani hadi iungue kwa moshi, akanunua nyingine. Aliyewahi kumwona mama akichagua kanga mpya kwa sababu mtindo umetoka wiki hii na jirani ameshaivaa, anaielewa biashara hii bila kufundishwa.

"Mchongaji akikosea unene wa unywele," mzee alisema wakati wa kutuaga, "watu hunilaumu mimi." Akacheka. Dada akanitafsiria, kisha akaongeza la kwake kwamba wachongaji nao husema hivyo hivyo kuhusu wapiga chapa.

Tulikula tambi za soba za moto kwenye duka la viti sita, tukapitia hekalu la Seikyoji kutazama kaburi la Hokusai. Jiwe la kijivu, kibanda kidogo juu yake, maua mabichi. Alifariki 1849, bado akilalamika kwamba angepewa miaka michache zaidi angekuwa mchoraji wa kweli.

Harajuku

Harajuku ni mtaa wa vijana, nywele za waridi na foleni za keki. Nyuma ya kelele hiyo kuna Makumbusho ya Ota, yenye hazina ya picha hizi za vibao, ukiyo-e, zaidi ya elfu kumi, lakini siku unayoingia utaona sehemu ndogo tu. Rangi nyingi za zamani zilitokana na mimea, nazo mwanga huziua. Basi picha hutolewa kwa wiki chache, hurudishwa gizani kupumzika, na makumbusho hubadilisha maonyesho karibu kila mwezi. Picha mashuhuri ya Oi, ile ya usiku kwenye mtaa wa starehe wa Yoshiwara yenye taa zinazochora vivuli vya wanawake nyuma ya vizuizi vya mbao, ni mali ya nyumba hii. Siku yangu ilikuwa imelala.

Nilikutana badala yake na mchoraji Utamaro, wanawake wake wenye shingo ndefu, nywele zimechongwa unywele mmoja mmoja kwenye mbao. Alipendwa sana, na serikali ikamwandama. Mwaka 1804 alifungwa pingu siku 50 kwa kumchora Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili kabla, kwa namna isiyoruhusiwa. Miaka miwili baadaye akafa. Kila picha ya enzi hizo iliyouzwa kihalali ina mhuri mdogo wa mkaguzi pembeni. Ukishaujua huwezi kuacha kuutafuta.

Kulikuwa na mvua ya Hiroshige pia, ile ya watu wakikimbia juu ya daraja la Ohashi, ya mwaka 1857. Mvua ni mistari ya karibu wima, ya mielekeo miwili inayopishana kidogo, iliyochongwa kwenye vibao viwili. Miaka thelathini baadaye Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi ya mafuta kule Paris. Nakala yake ni nzuri, ila mvua yake ni nzito, ya mtu asiyekuwa na mchongaji.

Obuse

Kaskazini, ndani ya milima ya Nagano, mashamba ya tufaha yanafika hadi kwenye reli. Obuse ni mji mdogo wa kutembea kwa miguu. Vijia vyake vingine vimetandazwa vipande vya mbao za mti wa kuri, na msimu wa vuli ndio msimu wa kuri wenyewe, tunda lenye ganda la miiba na kokwa tamu ya unga unga. Tulipikiwa kuri pamoja na wali wa kunata, likaletwa bakuli la mboga za kuchacha na supu ya soya. Sikuongea mpaka bakuli lilipobaki tupu. Bibi mwenye mgahawa aliridhika na ukimya huo kuliko ambavyo angeridhishwa na sifa.

Hokusai alifika hapa mara ya kwanza akiwa na miaka zaidi ya 80, mwendo wa kilomita 240 hivi kutoka Edo. Aliyemwalika ni Takai Kozan, mfanyabiashara tajiri wa mji, msomi na mchoraji mwenyewe, aliyemjengea chumba cha kufanyia kazi. Edo wakati huo ilikuwa chini ya amri kali dhidi ya anasa, na wachapishaji walikuwa na hofu. Huku milimani mzee aliwekwa huru. Miaka hiyo alikuwa na desturi ya kuchora simba kila asubuhi, simba wa hekaya za Kichina mwenye manyoya ya kujikunja, kama kinga dhidi ya mikosi. Wengine wanacheza, mmoja anakimbia mvuani. Mamia ya michoro hiyo yamesalia.

Katika makumbusho ya mji yapo magari mawili ya sherehe, ya kuvutwa kwa kamba mitaani, ambayo dari zake alizipamba. Moja lina joka na ndege wa hekaya. Jingine lina mawimbi mawili, dume na jike, buluu inayozunguka kuelekea shimo la giza katikati. Hapo hapana mashua, hapana mlima. Niliinua shingo hadi ikauma. Ukitoka kwenye lile Wimbi la miaka ya 1830 ukaja kusimama chini ya haya, unaona mtu ambaye bado anayatafuta maji.

Hekalu la Ganshoin liko nje kidogo ya mji, mlimani. Dari yake ni ndege mmoja tu, feniksi, aliyeenea eneo la mikeka 21 ya tatami, mkia wake umejikunja hadi kumzunguka mwenyewe: mwekundu, kijani, dhahabu. Ilikamilika 1848, na rangi haijaguswa tena tangu hapo. Tuliketi sakafuni pamoja na kundi la wastaafu, na mtumishi wa hekalu akatuambia tusogee, kwanza kushoto, kisha kulia. Jicho linakufuata. Wastaafu wakaguna kwa pamoja, kwa utaratibu, kana kwamba wamefanya mazoezi.

Nilimuuliza mtumishi, kupitia kwa dada, kama ni kweli mzee wa karibu miaka 90 aliweza kuchora kitu cha ukubwa huu. Hakukwepa. Mbao zilichorwa chini ndipo zikapandishwa, alisema, na wapo wasomi wanaoamini kwamba Hokusai alitoa mchoro na maelekezo, Kozan na wengine wakajaza rangi. Je, hilo linamsumbua? Alifikiri kidogo. Akasema kwamba ndege ni yule yule.

Matsumoto

Ngome ya Matsumoto ni nyeusi, imejiakisi kwenye handaki la maji lenye samaki wanene, na nyuma yake Alpu za Japani zilikuwa zimeanza kushika theluji. Mji una soba bora kuliko zote nilizokula, baridi, juu ya kichanja cha mwanzi, na wasabi inayokunwa mbele yako kutoka kwenye mzizi. Una pia Makumbusho ya Ukiyo-e ya Japani, mkusanyiko wa familia ya Sakai, vipande zaidi ya 100,000. Tuliyapitia haraka kwa sababu wakati huo macho yangu yalikuwa yameshashiba vibao.

Yayoi Kusama alizaliwa hapa mwaka 1929, katika familia yenye bustani za mbegu na miche. Mbele ya makumbusho ya sanaa ya mji yamesimama maua yake makubwa kupita basi, yenye madoa, yenye ndimi. Hata mashine ya kuuza soda imevaa madoa mekundu. Tangu utotoni aliona madoa na maua yakienea kwenye vitu, kwenye kuta, juu ya mwili wake, na kuyachora kukawa ndiyo njia ya kuishi nayo. Mwaka 1957 alikwenda Marekani, mwaka uliofuata akahamia New York, akapigana na umaskini na wanaume walioiona sanaa ni mali yao. Mwaka 1966 alitandaza mipira 1500 inayoakisi kama kioo kwenye nyasi za maonyesho ya Venice bila mwaliko rasmi, akawa anaiuza dola mbili mmoja mpaka wenye maonyesho wakamzuia. Mwaka 1993 alirudi Venice, safari hii akiiwakilisha Japani. Tangu 1977 amechagua kuishi katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, huku karakana yake ikiwa jirani.

Nitasema wazi kwamba vyumba vyake vya vioo havikunigusa. Unapanga foleni, unaingia kwa muda mfupi, taa zinajirudia hadi mwisho wa dunia, unapiga picha, unatoka. Picha za awali ndizo zilizonishika, zile ndogo za rangi ya maji na wino alizochora kabla hajaondoka Matsumoto. Ni madoa ya mtu asiyejua kama kuna atakayeyaona, yamekazana kwenye kipande cha karatasi kama vile karatasi ni adimu. Nilizirudia mara kadhaa wakati foleni ya vioo ikizidi kurefuka nyuma yangu.

Osaka

Osaka tulisimama kwa sababu ya dada, aliyetaka kumsalimia mwalimu wake wa zamani, na kwa sababu ya tumbo langu: hapa watu hula wakiwa wamesimama, na takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani, huunguza ulimi wa mwenye haraka. Nyumbani kwa kina dada, mama yake alitoa sandukuni kanga pacha, ya zambarau na nyeusi, na kutuandalia chai. Dada aliinunua Darajani kwa mama muuza vitu vya kale. Ukingoni, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba imetengenezwa Japani.

Sikushangaa sana. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, kabla viwanda kama Urafiki havijasimama kwetu, kanga nyingi walizovaa bibi zetu zilichapishwa huku. Wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walituma michoro na maneno, mafundi wa Kijapani wakayachapa bila kujua wanamsuta nani. Mama wa dada aliikunjua mezani, akaufuata mpaka wa pindo kwa kidole, akaigeuza nyuma kuona rangi imepenya kiasi gani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wachapaji walijitahidi, alisema.

Naoshima

Bahari ya ndani ya Seto ni tulivu, imejaa visiwa vidogo vya kijani vilivyopishana hadi upeo. Naoshima, kisiwa chenye wakazi wapatao 3,000, kina kiwanda cha kusafisha shaba upande wa kaskazini tangu 1917, na kwa miaka mingi moshi wake ulikausha miti. Jirani yake, Teshima, kilifanywa jaa la siri la taka za viwandani hadi polisi walipoingilia mwaka 1990. Haya yasemwe kabla ya kuzitaja picha nzuri, kwa sababu sanaa ya huku haikuja kupamba paradiso. Ilikuja mahali ambapo vijana walikuwa wanaondoka.

Tangu nyumba ya Benesse ilipofunguliwa mwaka 1992, mbunifu Tadao Ando amejaza upande wa kusini zege laini na njia za mwanga. Makumbusho yake ya Chichu, ya mwaka 2004, yamezikwa kilimani. Ndani unavua viatu, unavaa ndara za kitambaa, unakanyaga sakafu ya vipande vidogo vya marumaru, na mbele yako yapo mayungiyungi ya Claude Monet yakimulikwa na mwanga wa jua pekee. Wingu lilipopita, bwawa zima likageuka kijivu. Monet alikuwa mkusanyaji mkubwa wa picha za vibao. Chumba chake cha kulia kule Giverny kilijaa kina Hiroshige na Utamaro. Karatasi za bei ya tambi zilikwenda Ufaransa zikabadilisha macho ya mchoraji, na michoro ya macho hayo ikarudi Japani kwa bei inayohitaji kampuni nzima.

Boga la njano la Kusama liko mwisho wa gati, limetazama bahari. Mwaka 2021 kimbunga kiling'oa lililokuwepo tangu 1994, na watu wakaona video zake likigongwa gongwa na mawimbi. Mwaka uliofuata likasimamishwa jingine. Hapa, tofauti na Matsumoto, nilimwelewa mama yule. Chumvi, upepo, mtoto mmoja aliyekataa kushuka, na boga limekaa.

Honmura ni kijiji cha nyumba za mbao zilizochomwa usoni zikawa nyeusi, desturi ya kuzuia wadudu na chumvi. Baadhi zilizohamwa wamekabidhiwa wasanii. Ya kwanza, mwaka 1998, ni Kadoya, kazi ya Tatsuo Miyajima. Unaingia kutoka juani, unakaa kizingitini, macho yazoee. Pale ambapo ilikuwa sakafu ya sebule pana dimbwi la kina kifupi, na chini ya maji namba 125 za mwanga zinahesabu kutoka 1 hadi 9, kisha giza, kisha upya. Kila moja ina mwendo wake. Mwendo huo hakuuamua Miyajima. Aliwaita wakazi wa kisiwa 125, wadogo kwa wakubwa, kila mtu akaweka wake. Nyekundu moja ilikuwa inakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani. Kijani ya kona ilikuwa bado kwenye 4 tulipoinuka.

Jioni tulikwenda hamamuni. Bafu la umma la kisiwa lilipambwa mwaka 2009 na Shinro Otake kwa kila alichookota: vigae, sehemu za meli, picha za zamani, mikaktasi nyuma ya kioo. Desturi ni ile ile ya mabafu yote: unajisugua kwanza, umeketi kwenye kistuli, mpaka usiwe na cha kuyachafua maji; ndipo uingie. Wanaume upande huu, wanawake ule, na juu ya ukuta unaotugawa amesimama tembo.

Mzee mmoja majini aliniuliza jambo. Nikapaza sauti juu ya ukuta: "Dada! Anasemaje?"

"Anauliza unatoka wapi!"

"Mwambie Tanzania!"

Upande wa pili wanawake wakacheka. Mzee akamnyooshea kidole tembo, akasema la pili, na tafsiri ikaja na mvuke: alitaka kujua kama wa kwetu nao hupanda kuta. Nikajibu kwamba wa kwetu hula mahindi ya watu. Akasema hapa kazi hiyo ni ya nguruwe pori, huogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa na kumaliza viazi.

Kisha akauliza kama tumefika Kadoya. Mama yake alikuwa mmoja wa wale 125, alisema, na aliiweka namba yake iende taratibu kuliko za majirani wote, kwa makusudi, maana maisha yake yote mumewe alimharakisha. Ni ya kijani, upande wa kona. Asubuhi, kabla ya kivuko, tukakata tiketi nyingine, tukakaa kizingitini mpaka ikafika 9.